Pikapu Moja, Gredi Tano: Jinsi ya Kuchagua Inayofaa Kazi Yako Kabla ya Kulipa

Kila anayekaribia kununua pikapu ya ukubwa wa kati huuliza: nichukue gredi ya chini nibakize pesa, au nipande hadi ya juu nisije kujuta? Halafu hufuata mengine. Ile ya juu ina nguvu zaidi? Inabeba zaidi? Naweza kuchukua ya chini nikafunga vitu baadaye?

Kwa ufupi: nguvu ya injini inaweza kuwa ileile kwenye gredi tatu au nne zinazofuatana, kwa hiyo soma jedwali la sifa usikisie. Kuhusu kubeba, ya juu aghalabu hubeba kidogo kuliko ya chini. Na kufunga vitu baadaye kunategemea kitu chenyewe, maana vipo vinavyofungwa kwa saa moja na vipo ambavyo kama havikutoka kiwandani, visahau.

Tunaposema gredi tunamaanisha ngazi za vifaa ndani ya modeli moja. Ford Ranger, kwa mfano, huuzwa kama XL, XLT, Wildtrak na Raptor. Toyota Tacoma ina SR, SR5, TRD Off-Road, Limited na nyinginezo. Majina haya hayana kipimo cha pamoja. Jina lilelile linaweza kuwa na vifaa tofauti katika nchi mbili, au katika miaka miwili inayofuatana ya modeli ileile. Ndiyo maana hatua zote hapa chini zinaanzia kwenye kazi yako, na jina la gredi linakuja mwishoni kabisa.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Jedwali la sifa la mtengenezaji, la soko la nchi yako na la mwaka wa modeli unayoitaka. Video ya mtu wa nchi nyingine haitoshi.
- Kurasa za kitabu cha mmiliki zinazohusu mizigo na kuvuta trela.
- Futi kamba, kikokotoo, kalamu na karatasi.
- Uzito wa vitu unavyobeba mara kwa mara, kwa kilo. Trela ipimwe kwenye mizani ya magari ikiwa imepakiwa kama unavyoipakia siku zote.
- Vipimo vya mahali pa kuegesha: urefu, upana, na kimo cha mlango au dari.
- Bajeti ya jumla, pamoja na bima na seti moja ya tairi.

Hatua

1. Andika kazi ya gari kwa kilo na kwa aina ya barabara.

"Mizigo kiasi" haikusaidii. Andika: watu wangapi, kilo ngapi nyuma, trela ya kilo ngapi, na katika safari kumi ni ngapi zinapita matope, mchanga au mawe. Andika kazi ya wiki ya kawaida kwanza, kisha kazi nzito inayojitokeza mara chache kwa mwaka. Gari lichaguliwe kwa kazi ya wiki, lakini liweze kuimaliza ile nzito bila kuvuka mipaka yake.

2. Amua kebini na bodi (sehemu ya nyuma ya mizigo) kabla ya gredi.

Kebini ya watu wawili huwa na bodi ya takriban mita 2.3, kebini na nusu takriban mita 1.8, na kebini mbili takriban mita 1.5. Gredi za juu kwa kawaida huja na kebini mbili tu, kwa hiyo ukihitaji bodi ndefu umeshajibiwa nusu ya swali.

Pima pia upana kati ya matuta ya magurudumu ndani ya bodi. Paleti ya Ulaya ina milimita 800 kwa 1,200. Kwa pikapu nyingi huingia kwa upande wa 800 lakini hukwama kwa ule wa 1,200. Na kama gredi ya juu ina kifuniko cha kujikunja, kasha lake hula sehemu ya bodi karibu na kebini. Pima kifuniko kikiwa kimefungwa.

3. Amua mfumo wa kuendesha magurudumu.

Angalizo la kwanza: kuna pikapu za 4x2 zilizoinuliwa hadi kimo cha 4x4, na kwa mbali huwezi kuzitofautisha. Angalia kama kuna swichi au mkono wenye alama 2H (magurudumu mawili), 4H (manne, mwendo wa kawaida) na 4L (manne, gia nzito). Usipouona, omba muuzaji akuonyeshe kwa maandishi kwamba ni 4x4.

Pili, 4x4 ya kawaida ya pikapu haina difu ya kati, yaani gia inayoruhusu magurudumu ya mbele na ya nyuma kuzunguka kwa mwendo tofauti. Ukiweka 4H kwenye lami kavu na kukata kona, magurudumu ya mbele na ya nyuma hutaka mwendo tofauti, nao mfumo hauyapi nafasi. Usukani unakaza, tairi zinalika, na mwishowe vyuma vya ndani vinaumia. Mtu anayetembea sana kwenye lami iliyoloa au barabara inayobadilika kila kilomita chache, afikirie mfumo unaoruhusu magurudumu manne hata kwenye lami, kama Super Select ya Mitsubishi. Mifumo ya aina hii mara nyingi hupatikana kwenye gredi za kati kwenda juu tu, na hiyo ni sababu halali ya kupanda gredi.

Tatu, loki ya difu ya nyuma. Hii ndiyo sehemu moja ninayoshauri uitafute kuliko skrini kubwa au viti vya ngozi. Gurudumu moja la nyuma likining'inia, difu ya kawaida hupeleka mzunguko kwa hilohilo lililo hewani, na gari linasimama. Mfumo wa elektroniki wa kuzuia kuteleza husaidia kwa kushika breki gurudumu linalozunguka bure, lakini unahitaji lianze kuzunguka kwanza, na kwenye kilima cha matope kuchelewa huko hukukatia mwendo. Loki huunganisha magurudumu mawili moja kwa moja. Kwa baadhi ya modeli imewekwa tangu gredi ya chini, kwa nyingine inaanzia ya kati. Usikisie.

4. Piga hesabu ya uzito. Hapa ndipo wengi hukosea.

Tafuta namba tatu: uzito wa gari tupu, uzito wa juu kabisa wa gari likiwa limepakiwa (kibandiko kinaandika GVM au GVWR), na uzito wa juu wa gari pamoja na trela (GCM au GCWR). Kibandiko cha mzigo kwa kawaida kipo kwenye nguzo ya mlango wa dereva.

Uwezo wa kubeba ni namba ya pili ukitoa ya kwanza. Sasa angalia kinachotokea gredi inapopanda: kikomo cha juu hubaki palepale au husogea kidogo, huku gari tupu likiongezewa rimu kubwa, viti vya umeme, ngazi za pembeni, kifuniko cha bodi na baa ya nyuma ya kebini. Kila kilo ya mapambo inatoka kwenye mzigo wako.

Chukua namba za mfano. Gredi ya chini: kikomo 3,050 kg, gari tupu 1,960 kg, uwezo 1,090 kg. Gredi ya juu: kikomo kilekile 3,050 kg, gari tupu 2,170 kg, uwezo 880 kg. Sasa ondoa vitu ambavyo watu husahau kuvihesabu:

- watu wanne wa kilo 80: 320 kg
- kanopi: 80 kg
- bampa la chuma la mbele: 60 kg
- trela ya 2,000 kg inayokandamiza ndoano kwa asilimia 10: 200 kg

Jumla ni 660 kg. Gredi ya chini imebakiwa na 430 kg, ya juu 220 kg. Kwa mifuko ya kilo 50, ni mifuko minane dhidi ya minne.

Jihadhari na mambo matatu kwenye hesabu hii. Kwanza, "gari tupu" halina maana moja kila mahali. Vipimo vya Ulaya vya gari lililo tayari kwa safari huweka ndani dereva wa kilo 75 na tenki lililojaa kwa asilimia 90, lakini kwingine dereva hayumo. Linganisha magari yaliyopimwa kwa njia moja.

Pili, uzito unaokandamiza ndoano hauishii kuwa huohuo kwenye ekseli ya nyuma, kwa sababu ndoano iko nyuma ya ekseli na inafanya kazi kama wenzo. Umbali kati ya ekseli ukiwa mita 3.1 na ndoano ikiwa mita 1.2 nyuma ya ekseli, zile kilo 200 zinakuwa takriban 277 kwenye ekseli ya nyuma, na ya mbele inapunguziwa takriban 77. Kwa hiyo soma pia kikomo cha kila ekseli. Gari linaweza kuwa chini ya kikomo cha jumla huku ekseli ya nyuma imepita chake.

Tatu, tangazo la "huvuta 3,500 kg". Tuseme kikomo cha gari na trela pamoja ni 6,000 kg. Ukivuta 3,500, gari lenyewe limebakiwa na 2,500 kg. Ile gredi ya juu ya 2,170 kg ina nafasi ya 330 kg: watu wanne wa kilo 80 na begi la kilo 10. Basi. Anayevuta trela nzito kila siku mara nyingi atahudumiwa vizuri zaidi na gredi nyepesi.

5. Tazama springi na tairi.

Pikapu nyingi zina springi za bapa nyuma. Gredi zilizotengenezwa kwa mwendo wa kasi nje ya barabara huwa tofauti. Ranger Raptor hutumia springi za koili nyuma na shokapu za Fox, nayo hupita juu ya mashimo vizuri sana, lakini uwezo wake wa kuvuta ni 2,500 kg, wakati Ranger za kawaida katika masoko mengi huvuta hadi 3,500 kg. Ni gari zuri kwa kazi yake. Kama kazi yako ni kokoto na trela, umelipa zaidi ukapata uwezo mdogo.

Kwenye tairi, soma ukuta wa pembeni. Tairi ya 265/65R17 ina ukuta wa takriban milimita 172; 265/60R18 ina 159; 255/55R20 ina 140. Kwa kimo cha jumla zinakaribiana, lakini ukuta mfupi hupunguza nafasi ya kupunguza upepo kwenye mchanga, na jiwe au shimo hufika kwenye rimu haraka zaidi. Kabla hujakubali rimu za inchi 20, piga simu kwa wauza tairi wawili uulize kama saizi hiyo ya mzigo mzito wanayo dukani. Angalia pia spea: ni ya saizi kamili au ndogo ya dharura?

6. Angalia usalama gredi kwa gredi.

Idadi ya mifuko ya hewa, breki ya dharura ya kujishika yenyewe, onyo la gari lililo pembeni usikoliona, taa za halojeni au LED, breki za nyuma za ngoma au diski. Nyota za majaribio ya ajali zinaweza kuhusu gredi au mwaka fulani tu, kwa hiyo soma maelezo madogo chini ya matokeo.

Unapanga kufunga bampa la chuma? Rada ya mbele kwa kawaida hukaa kwenye grili au bampa. Bampa lisilotengenezwa kwa modeli hiyo huiziba. Na gari lenye kamera nyuma ya kioo cha mbele huhitaji kamera irekebishwe upya kila kioo kinapobadilishwa, gharama ambayo gredi isiyo na kamera haina. Bado ningechukua kamera.

7. Gawa vifaa katika safu tatu.

Safu ya kwanza, *lazima itoke kiwandani*: injini, giaboksi, 4x4 na gia yake nzito, uwiano wa difu, mifuko ya hewa, rada na kamera za usalama, breki za diski za nyuma, mfumo mkubwa wa kupoza kwa ajili ya kuvuta. Loki ya difu ipo pia ya kununua pembeni, lakini kuifunga kunadai difu ifunguliwe na fundi anayejua kupanga meno yake. Iweke safu hii.

Safu ya pili, *inafungika baadaye*: redio, kamera ya kurudi nyuma, kinga ya bodi, ngazi, ndoano ya trela, mazulia, vifuniko vya viti, rimu, taa za ziada.

Safu ya tatu, *sihitaji*. Kuwa mkweli hapa. Paa la kioo, mwanga wa rangi ndani ya milango na maandishi makubwa ubavuni vina bei.

Gredi yako ni ya chini kabisa iliyotimiza safu ya kwanza yote. Kwa wanunuzi wengi wanaochanganya kazi na familia, hiyo huangukia ya pili au ya tatu kutoka chini.

8. Linganisha tofauti ya bei na gharama ya kufunga.

Jumlisha bei ya vitu vya safu ya pili unavyovitaka, pamoja na ufundi. Jumla ikikaribia au kupita tofauti ya bei kati ya gredi mbili, panda, kwa sababu vya kiwandani vinaingia kwenye dhamana ya gari na nyaya zake hazikukatwa. Ikiwa chini sana, baki. Ongeza tofauti ya bima na ya seti moja ya tairi kila upande kabla hujaamua.

9. Endesha gredi mbili siku moja, njia moja.

Chagua ile uliyoifikia na iliyo juu yake. Pita lami mbovu, kilima, na maegesho yenye kona kali. Kaa kiti cha nyuma kwa dakika kumi. Mgongo uliosimama wima sana hauonekani kwenye picha. Weka 4L kwenye ardhi ya kokoto au udongo, kamwe usijaribu kwenye lami kavu. Pikapu tupu hurukaruka nyuma, hilo ni la kawaida, kwa hiyo ukiweza omba watu wanne waingie.

10. Kagua gari lenyewe, sio jina lake.

Beji na vibandiko hununuliwa dukani, na hii huwakuta sana wanunuzi wa magari yaliyotumika. Chukua namba ya chasi umpe muuza vipuri wa kampuni hiyo akusomee gari lilitoka kiwandani na nini. Toyota nyingi zina kibati chenye mstari wa TRANS/AXLE unaotaja giaboksi na ekseli. Kisha bonyeza: swichi ya loki ya difu ipo na taa yake inawaka? Saizi ya tairi inafanana na kibandiko cha mlangoni? Kila kifaa cha safu ya kwanza kiandikwe kwenye mkataba kimoja kimoja, usikubali "full option" peke yake.

Makosa yanayojirudia

Kufunga springi nzito ukidhani umeongeza kikomo cha mzigo. Gari litakaa sawa, lakini namba ya kwenye kibandiko haijabadilika, na breki, ekseli na chasi ni zilezile.

Kufunga ndoano ya trela kwenye gredi isiyo na kifurushi cha kuvuta kisha kuvuta uzito wa juu kabisa. Baadhi ya modeli hutoa uwezo kamili kwa gari lenye kipoza mafuta ya giaboksi na nyaya za kiwandani pekee. Kitabu cha mmiliki kinasema.

Kulinganisha gredi ya juu ya mwaka wa zamani na ya chini ya mwaka mpya kwa kuhesabu vifaa. Kama modeli ilibadilishwa kizazi katikati, hayo ni magari mawili tofauti.

Ukikwama

*Hakuna gredi inayotosha kwa uzito.* Rudi hatua ya 2, ujaribu kebini na nusu au kebini ya watu wawili. Ikishindikana, kazi yako ni ya gari kubwa zaidi, au ya trela yenye breki zake.

*Kitu kimoja cha lazima kimefungiwa gredi ya juu.* Uliza kama kuna kifurushi cha ziada kwa gredi ya kati. Kwa baadhi ya masoko loki ya difu huuzwa hivyo. Kama hakipo, tazama gredi ya kati ya modeli ya mshindani.

*Jedwali linasema kipo, gari halina.* Hakikisha mwaka na soko la jedwali. Vikilingana, usilipe hadi muuzaji aandike atakachofanya na lini.

*Umeshanunua, usukani unakaza kwenye kona.* Umesahau 4H kwenye lami. Nyoosha usukani, rudi nyuma mita chache, kisha weka 2H.

*Gari linaruka mno likiwa tupu.* Angalia upepo. Vibandiko vingi vina vipimo viwili, cha gari tupu na cha gari lililojaa, na gari huachwa na kile cha kujaa.

*Wanaokuja mbele wanakuwashia taa ukiwa na mzigo.* Pua imeinuka. Tafuta kigurudumu kidogo cha kushusha taa karibu na usukani. Gredi zenye taa za kujirekebisha hazina kigurudumu hicho.

*Trela inayumba.* Punguza mwendo taratibu bila kukanyaga breki kwa nguvu, simama pahali salama, kisha usogeze mzigo mbele kwenye trela mpaka ndoano ikandamizwe na takriban asilimia 10 ya uzito wa trela, bila kupita kikomo kilichoandikwa kwenye ndoano yenyewe.